Zuckerberg hakumtoa Mama Oliech, ni midomo ya watu

Wasee, leo tuongee historia kidogo. Tarehe 1 Septemba 2016 Mark Zuckerberg alitua Nairobi bila kelele. Akapitia iHub, halafu akaenda kula lunch na Joe Mucheru, aliyekuwa waziri wa ICT wakati huo. Hawakwenda hoteli ya nyota tano. Walienda kwa Mama Oliech kule Kilimani, na jamaa akala ugali na samaki mzima wa kukaanga. Akaposti Facebook kwamba ni mara yake ya kwanza kuonja vyote viwili na vimembamba. Mpaka leo kuna watu wanasema Zuckerberg ndiye alimtoa Mama Oliech.

Mimi nakataa. Kwa ile posti alisema mwenyewe kwamba hapo ni mahali kila mtu alikuwa amempendekezea. Kila mtu! Yaani sifa zilifika kabla ya ndege yake. Kweli, mwenye hoteli alikuwa mama mzazi wa Dennis Oliech, straika wa Harambee Stars, na mashabiki wa boli walilijua hilo jina. Lakini jina linakuleta mara moja tu. Kinachokurudisha ni samaki. Unakula, kesho unarudi na mwenzako wa kazini, naye anakuja na mgeni wake kutoka ushago, na hakuna hata mmoja wenu aliyelipwa kusema chochote.

Hii kitu ni ya zamani kuliko simu. Ukisafiri Mombasa Road utaambiwa ule pale malori yamepaki, kwa sababu dereva anapita hiyo njia kila wiki na hawezi kupoteza doo kwa chakula kibaya mara mbili. Kibanda kikijaa watu wa mjengo saa saba mchana, nyota za Google ni za nini?

Intaneti iliongeza mwendo tu. Mwishoni mwa 2008 huko Los Angeles lilianza gari la chakula linaloitwa Kogi, mpishi wake Roy Choi, likiuza taco zenye nyama iliyopikwa Kikorea. Gari halikai mahali pamoja, kwa hivyo walitumia Twitter kusema usiku huo liko wapi, na watu wakawa wanapanga laini. Twitter ilitoa tu maelekezo. Utamu watu walisimuliana wenyewe.

Sasa nifike panapouma, maana ni sisi watu wa kontenti. Msee anaingia kibandaski, anataka sahani ya bure na bado alipwe, halafu kila chapo aliyoonja ni "chapo bora Nairobi". Juzi mama mmoja anayeuza madondo mtaani kwetu aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe unachaji ngapi kusema chakula ni kizuri?" Hakuuliza kama nimeonja. Piga hesabu: akiuza sahani mia moja, video ya elfu tano ni sahani 50, na bado hajanunua makaa.

Marekani kuna Keith Lee wa TikTok, zamani alikuwa mpiganaji wa MMA. Yeye hulipia chakula chake, mara nyingi hutuma watu wa familia wakichukue ili asitambulike, halafu anakionja kwa gari mbele ya kamera. Mwanzoni mwa 2023 alionja chakula cha Frankensons, kijihoteli cha pizza Las Vegas ambacho wateja walikuwa wamekiishia. Baada ya video foleni ikatoka nje ya mlango. Wafuasi anao wengi, sawa, lakini wanamwamini kwa sababu hana deni na mwenye jiko.

Yule mama nilimwambia anipakulie, nikalipa mia yangu. Chapo zake ni laini ajabu. Madondo yamezidi chumvi, na hiyo pia nitaisema kwa video, nishamwambia. Alicheka, akasema kesho atapunguza.