Grisi, Zinki na Maji Matamu

Bigwa iko ubavuni mwa mji wa Morogoro, chini ya miteremko ya kaskazini ya milima ya Uluguru. Kwa barabara ni mwendo wa karibu kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, na huko hakuna bandari wala ngalawa. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini mashine za boti zetu hufa zingali changa hana budi kupita njia hiyo, kwa ajili ya mambo mawili: reli na maji.

Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati mwaka 1905 kutokea Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mapema mwaka 1914. Kwa reli hiyo, mbele ya macho ya Waluguru, ilipita meli nzima. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000. Ikapewa jina la Graf von Goetzen, gavana aliyetawala vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905. Wapiganaji wa vita vile walipakwa maji wakiamini kwamba risasi ya mkoloni itayeyuka. Miaka kumi baadaye chuma chenye jina la gavana yule yule kikashushwa majini, katika Ziwa Tanganyika.

Wasomaji wa Unguja wana haki ya kujua kwamba kisa hiki kinawagusa pia. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar. Mashine ya Königsberg yenyewe ilikuwa imeharibika, ikajificha katika delta ya Rufiji na kuishia huko Julai 1915. Mizinga yake ilifunguliwa, na mmojawapo ukasafirishwa kwa reli ile ile hadi Kigoma, ukafungwa juu ya Goetzen.

Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wakikaribia, Wajerumani waliamua kuizamisha meli kwa mikono yao wenyewe. Mafundi waliotoka nayo Papenburg hawakuwa na moyo wa kuiua. Walizipaka mashine zake grisi nene, kila pembe, meli ikajazwa mchanga, ikashushwa taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, walikuta mashine na mitungi ya mvuke bado vinafaa kutumika. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya, Liemba, mojawapo ya majina ya kale ya ziwa lile, na mashine zile za mvuke zikaendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1970 zilipowekwa za dizeli.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama muujiza. Mimi sioni muujiza. Ili chuma kiote kutu kinahitaji maji na oksijeni kwa pamoja; grisi ilivizuia vyote viwili. Tena, na hili wasimulizi hulisahau, Tanganyika ni ziwa la maji matamu. Sidhani kama grisi peke yake ingetosha katika mkondo wa Pemba. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na umeme huo mdogo, usiohisiwa na mkono, ndio unaosafirisha madini kutoka kwenye chuma. Lugha yetu imeliona jambo hili kwa macho mawili: chuma huota kutu, kama mche, na huliwa na kutu, kama chakula. Ya pili ndiyo ya pwani.

Mashine ya kupachika ina tabu zaidi kuliko Goetzen, kwani imechanganya madini. Bodi ni ya alumini, mhimili wa panga ni wa chuma kisichoshika kutu, parafujo ni za aina nyingine. Madini mawili yakigusana ndani ya maji ya chumvi, moja humla mwenzake, na anayeliwa hapa ni alumini: hutoa unga mweupe, kisha matundu. Ndiyo maana waundaji hupachika kipande cha zinki, kiliwe badala yake. Fikra hiyo ni ya Humphry Davy, mkemia wa Kiingereza. Mwaka 1824, miaka mia moja kamili kabla ya Goetzen kuinuliwa, alionyesha kwamba zinki au chuma huiokoa shaba iliyofunika matumbo ya merikebu. Shaba iliokoka kweli. Ila kwa kuwa haikuliwa tena haikutoa sumu, na makome na majani ya bahari yakaota juu yake hata merikebu zikawa nzito. Wanamaji hawakumshukuru.

Nimeona boti ambazo zinki yake imepakwa rangi ili ipendeze. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi yoyote. Na rangi yenye shaba ndani, ile ya kuzuia makome, haifai kugusa bodi ya alumini.

Lililobaki ni kuosha. Kila inaporudi kutoka baharini, mashine inywe maji matamu huku ikinguruma, hadi chumvi itoke katika njia zake za kupoozea. Dar es Salaam jambo hili ni jepesi kidogo: vijito vinavyoshuka miteremko ya Bigwa huingia mto Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza sehemu kubwa ya mabomba ya jiji. Nahodha wa Dar huosha mashine yake kwa mvua ya Uluguru. Kwetu visiwani, visima vingi vya ufukweni ni vya maji ya chumvichumvi, na maji matamu huja kwa madumu, mara nyingi kichwani mwa mwanamke. Dumu moja likimwagwa ndani ya mashine, nyumbani limepungua moja. Mvuvi aliyenunua mashine kwa mkopo anajua hesabu hiyo kuliko mkopeshaji, na jioni nyingi huchagua chungu.