Jina Lililochukuliwa: Filamu ya "Martha Marcy May Marlene" na Maisha ndani ya Kikundi Potofu

Tunaposikia habari za watu walionaswa katika vikundi potofu, swali linalotujia kwanza ni hili: waliwezaje kukubali? Tunauliza tukiwa tumekwisha kujihesabu salama, kana kwamba wao walikuwa wajinga na sisi ni werevu. Filamu ya Kimarekani iitwayo "Martha Marcy May Marlene", iliyotoka mwaka 2011, inalijibu swali hilo taratibu, bila mahubiri na bila kelele. Tunaieleza hapa kwa ajili ya wazazi, makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kwa kuwa jambo inalolionesha limekwisha kubisha hodi katika nchi zetu.

Filamu yenyewe

Mwandishi na mwongozaji wake ni Sean Durkin, nayo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Katika tamasha la Sundance la mwaka huohuo wa 2011 alipewa tuzo ya uongozaji. Elizabeth Olsen anaigiza kama Martha, msichana aliyefiwa na mama yake, na John Hawkes kama Patrick, kiongozi wa kikundi kinachoishi katika shamba moja kwenye milima ya Catskill, jimbo la New York.

Ni filamu ya polepole. Muziki ni haba, maneno ni machache, na mara nyingi mtazamaji hajui kama analolitazama linatokea leo au ni kumbukumbu ya jana. Jambo hilo limekusudiwa, kwa maana ndivyo akili ya Martha ilivyovurugika: ameondoka shambani, lakini shamba halijaondoka ndani yake.

Tunatoa tahadhari mapema. Filamu hii ina matukio ya ubakaji, uchi na mauaji. Haifai kwa watoto, na hata mtu mzima aliyewahi kutendewa ukatili wa namna hiyo anafanya vema kutoitazama akiwa peke yake.

Namna mtu anavyochukuliwa

Atakayetafuta minyororo katika shamba la Patrick hataiona. Hakuna hekalu, wala sare, wala kitabu kitakatifu. Kuna bustani, kuna kazi za mikono, kuna vijana wanaocheka pamoja. Msichana asiye na mama anapata watu wanaomkaribisha. Kisha, siku ya kwanza kabisa, Patrick anamtazama na kumwambia kwamba anafanana na mtu aitwaye Marcy May. Tangu hapo anaitwa hivyo. Baadaye Patrick anamwimbia wimbo kwa gitaa mbele ya wote, na tunaona usoni pa msichana furaha ya mtu aliyetambuliwa. Ndivyo mtego ulivyotegwa: kwa upole, na kwa jina.

Baada ya jina, mengine hufuata kidogo kidogo. Wanaume hula kwanza, wanawake husubiri zamu yao. Nguo ni za wote, kwa hiyo hakuna aliye na chake. Wasichana hulala wengi katika chumba kimoja, kwa hiyo hakuna aliye na faragha. Mtu akipiga simu shambani, mwanamke yeyote anayepokea hujitaja kuwa Marlene, na hapo hata jina lile jipya halina mwenyewe. Usiku mmoja Martha anapewa kinywaji kilichotiwa dawa, naye Patrick anambaka. Asubuhi wenzake wanamfariji kwa kumwambia kuwa lililotokea ni jambo jema. Dhamiri yake inapopiga kelele, wote waliomzunguka wanaiambia inyamaze.

Linalotisha zaidi ni hili: siku inafika ambapo Martha mwenyewe anamwandalia msichana mgeni kinywaji kilekile. Aliyeonewa amefanywa mkono wa mwonevu. Baadaye, kikundi kinapomuua mwenye nyumba waliyoingia kuiba, Patrick ana maelezo tayari, akigeuza hofu na kifo kuwa majina mengine ya upendo.

Je, utawa si uleule?

Huenda msomaji akauliza: mbona watawa wetu nao huishi pamoja, hushirikiana mali, na katika mashirika mengine hupokea jina jipya? Swali hili ni la haki, na jibu lake latusaidia kupambanua. Mtawa hapokelewi kwa siku moja. Sheria za Kanisa zinadai unovisi usiopungua miezi 12 (Kanuni ya 648), na baada yake nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu (Kanuni ya 655), ili mhusika apate nafasi ya kujipima na kuondoka kwa amani akiona sivyo. Aidha, wakuu wamekatazwa kumshawishi mtawa kwa namna yoyote awafunulie dhamiri yake (Kanuni ya 630). Kanisa linajua kwamba mamlaka juu ya roho za watu ni kitu cha hatari, nalo limeyawekea mipaka kwa maandishi. Mahali ambapo mipaka hiyo haiheshimiwi, hata kama ni ndani ya nyumba yetu, pana hatari ileile.

Kanungu na Shakahola

Tusiseme kwamba haya ni ya Wamarekani. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa kikundi kilichodai kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea katika jengo lao la ibada. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo watu waliowahi kuwa mapadre wa Kanisa Katoliki. Wafuasi walikuwa wametoa mali zao, na wengi waliishi kwa ukimya, wakiwasiliana kwa ishara. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi, kufuatia mafundisho ya kufunga kula hadi kufa ili kukutana na Yesu. Mmoja alinyang'anywa jina, mwingine sauti, mwingine chakula. Njia ni moja.

Mwaka 1986 Vatikani ilitoa taarifa ya kichungaji juu ya vikundi vya namna hii, nayo ilikiri waziwazi kwamba watu wengi huvifuata kwa sababu wanatafuta mahali pa kupokelewa, kusikilizwa na kuhesabiwa. Maneno hayo yanatugusa sisi. Anayeketi peke yake kwenye benchi la nyuma Jumapili baada ya Jumapili, asiulizwe hata jina, yuko tayari kumsikiliza wa kwanza atakayemwita.

Aliyerudi nyumbani

Sehemu kubwa ya filamu haihusu kukimbia bali kurudi. Martha anatoroka alfajiri kupitia msituni na kumpigia simu Lucy, dada yake mkubwa, ambaye hajamsikia kwa miaka miwili. Lucy na mumewe Ted wanampokea katika nyumba nzuri kando ya ziwa, jimbo la Connecticut. Wanampa chumba, chakula na nguo. Lakini Martha hasemi alikotoka, nao hawajui namna ya kumsikiliza. Mienendo yake inawashangaza, kisha inawachosha, kisha inawaudhi. Shemeji yake anataka kujua atatafuta kazi lini. Mwishowe wanaamua kumpeleka kwenye matibabu, na filamu inakwisha wakiwa njiani, gari lingine likiwafuata nyuma. Hatuambiwi kama ni kweli wanawindwa au ni hofu yake tu.

Lucy na Ted si watu wabaya. Walifungua mlango, na hilo ni kubwa. Walichokosa ni subira na maarifa. Basi, ndugu akirudi kwetu kutoka mahali pa namna hiyo, tusianze na swali la kwa nini alikwenda. Tumwite kwa jina lake. Tumwache aseme kidogo kidogo, wala tusishangae akiitetea jumuiya iliyomwumiza. Tumtafutie mapema mshauri nasaha au daktari, tusingoje mpaka nyumba nzima ichoke. Na kama kuna waliobaki hatarini, hasa watoto, taarifa ifike polisi. Kunyamaza kwa kuogopa aibu ya ukoo si huruma.

Katika adhimisho la Ubatizo wa watoto wachanga, wazazi huulizwa kwanza jina walilompa mtoto wao. Kanisa halimbuni mtu upya ili limtawale. Humpokea akiwa na jina lake, likimkabidhi kwa Mungu anayemjua. Yesu anafundisha kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake (rej. Yn 10:3). Jumapili ijayo, baada ya Misa, tumtafute yule wa benchi la nyuma, tumwulize jina lake, na tulikumbuke juma linalofuata.