Mali Kauli

Katika karne ya 19, mtu wa Unguja aliweza kupeleka msafara hadi Tabora na kuvuka Ziwa Tanganyika bila kutoa reale hata moja mfukoni. Alichohitaji ni jina. Wafanyabiashara wa Kihindi walimpa vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba kwa mali kauli, yaani kwa mkopo wa kuaminiana, naye akaahidi kulipa kwa pembe za ndovu atakaporudi. Huenda ikapita miaka.

Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alisimulia mwenyewe, tena kwa Kiswahili, jinsi alivyokopa hivyo. Mfadhili wake mkubwa alikuwa Taria Topan, Khoja mwenye asili ya Kachi. Pembe nyingi zilipatikana kwa bunduki, na daftari la mkopeshaji halikuuliza. Hata Sultani Majid wa Zanzibar alikuwa mdaiwa: nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha yake kwa miongo kadhaa, ndiyo iliyomkopesha.

Lakini sharia ya Kiislamu inakataza riba. Ukitoa vitu kwa mali kauli, faida unaificha ndani ya bei. Kwenye mashamba ya karafuu ilitumika bei ya khiyari: mwenye shamba "alimuuzia" mkopeshaji shamba, akabaki na haki ya kulikomboa kabla ya muda kwisha, na wakati huo huo akaendelea kulilima kama mpangaji. Kodi aliyolipa ndiyo ilikuwa faida ya mkopo. Kwenye waraka hapakuwa na riba. Mfukoni mambo yalikuwa mengine.

Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mche mpya huchukua miaka kuzaa, kwa hiyo waliotaka kupanda upya walikopa tena. Mara nyingi mkopeshaji hakuwa na haja na ardhi yenyewe. Alitaka karafuu zimfikie kila msimu, na mdaiwa asiyemaliza deni alimfaa kuliko shamba lililonyang'anywa.

Bei ya karafuu iliposhuka katika miaka ya 1930, Waingereza, waliokuwa wakiitawala Zanzibar, waliingilia kati. Sheria ya 1934 ilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiende kwa wengine bila idhini, kisha mwaka 1937 ununuzi wa karafuu ukawekwa mikononi mwa Chama cha Wakulima wa Karafuu. Wahindi wa Unguja walilalamika hadi Bombay, na chama cha Congress cha India kikaitisha mgomo wa kutonunua karafuu za Zanzibar. India ilikuwa mteja mkubwa. Serikali ililazimika kukubali mapatano mwaka 1938, na mwaka huo huo ikatunga sheria ya kusuluhisha madeni ya mashamba.