Yountville: Shamba Kwanza, Ufaransa Baadaye

Mji wa Yountville, katika bonde la Napa huko California, una wakazi wapatao 3,000 tu, lakini wapenda chakula hulitaja jina lake sambamba na Paris na Lyon. Kwenye barabara yake kuu kuna Bistro Jeanty na Bouchon, zote zilizofunguliwa mwaka 1998, na mwendo mfupi kutoka hapo upo mgahawa wa The French Laundry. Kampuni ya Michelin ilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa eneo la San Francisco mwaka 2006, iliupa mgahawa huo nyota tatu, na Bouchon nyota moja. Wengi huhitimisha kwamba Wafaransa walihamia California na vyungu vyao. Historia inasema vingine: sifa ya mji huu ilitokana na shamba kwanza, Ufaransa ikafuata.

Mizabibu ya kwanza ya bonde hilo ilipandwa na George Yount, aliyepewa ardhi na serikali ya Mexico mwaka 1836, na ndiye aliyeachia mji jina. Marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933 ilifunga viwanda vingi vya mvinyo, na baada ya Vita Kuu ya Pili hatari ikawa nyingine: nyumba za vitongoji zilizokuwa zikimeza mashamba kuzunguka ghuba ya San Francisco. Bonde la Santa Clara, lililosifika kwa matunda, liliishia kuwa Silicon Valley ya leo. Napa iliponea chupuchupu. Mwaka 1968 kaunti ilitenga hifadhi ya kilimo na kupiga marufuku kukata viwanja chini ya ekari 20. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi ekari 40. Miaka minane baada ya hifadhi hiyo kutengwa, katika shindano la mvinyo la Paris la 1976, waonjaji wa Kifaransa wakionja bila kujua asili ya chupa waliweka mvinyo mweupe na mwekundu wa Napa juu ya mvinyo wa kwao. Wageni wakaanza kumiminika, na mgeni wa mvinyo hahitaji kuambiwa kwamba ana njaa.

Aliyewapikia kwa sifa katika The French Laundry, kuanzia 1978, hakuwa Mfaransa. Alikuwa Sally Schmitt, mzaliwa wa California, aliyeuendesha mgahawa huo na mumewe Don. Jengo lao la mawe lilikuwa baa, kisha likawa nyumba ya dobi ya Kifaransa iliyotumia mvuke. Jina la mgahawa limetokana na nguo zilizofuliwa humo. Schmitt aliandaa mlo mmoja uliopangwa kila jioni, kwa vitu vya msimu. Mpishi Thomas Keller aliponunua mgahawa mwaka 1994, alikuta tayari mji umezoea meza nzuri.

Watakaopinga watasema kwamba Ufaransa ilikuwapo mapema zaidi: kampuni ya Kifaransa ya Moët-Hennessy ilianzisha kiwanda cha mvinyo cha Domaine Chandon mwaka 1973, na mgahawa wake ndio uliomleta Philippe Jeanty kutoka mkoa wa Champagne. Ni kweli, na supu yake ya nyanya, inayofika mezani chini ya kifuniko cha unga uliookwa ukafura, haingepikwa na asiyefundwa jikoni kwa Wafaransa. Lakini Chandon yenyewe ilifuata ardhi ya mizabibu. Napa ingekuwa imejaa nyumba, Jeanty angekuja kufanya nini? Hoja ya pili ni nzito zaidi. Bistro za Paris zilikuzwa na wahamiaji wa Auvergne waliouza kuni, makaa na mvinyo katika duka moja, na bouchon, migahawa midogo ya Lyon, zililisha wafumaji wa hariri. Yountville imechukua chakula hicho cha wafanyakazi ikakiuzia watalii wenye fedha, huku wachumaji wa zabibu, wengi wao wenye asili ya Mexico, wakibaki nje ya mlango. Lawama hiyo ni ya haki, nayo inathibitisha kwamba kilichovuka bahari ni mapishi, si desturi iliyoyazaa.

Kwa hiyo mji wowote unaotamani sifa ya Yountville usianze kwa kumtafuta mpishi wa Kifaransa. Uanze kwa sheria ya kulinda mashamba yake, kisha uhakikishe wanaoyalima nao wana nafasi mezani.