Yai la Mnyama wa Miiba na Siri ya Kugawanyika kwa Seli

Mtu atokaye Kariakoo, akapita Mnazi Mmoja na kushuka hata Kivukoni, hufika penye soko la samaki la Feri. Hapo ataona pweza, ngisi, kamba, changu na nguru, kila kimoja na bei yake. Lakini yuko mnyama wa bahari hiyo hiyo ambaye sijapata kumwona akinadiwa: ni yule wa mviringo mfano wa chungwa, mwenye miiba mwili mzima, akaaye miambani. Wanawake waendao kupweza wakati wa bamvua wamjua sana, kwani miiba yake huchoma nyayo na kukatikia humo. Basi, ndugu wasomaji, nataka kueleza jinsi mayai ya mnyama huyu asiye na bei yalivyowafunulia wataalamu jambo lililofichwa siku nyingi, yaani jinsi mwili wa kila kiumbe unavyoamriwa kukua, na jinsi amri hiyo iharibikapo ikazaa saratani.

Kila kilicho hai kimejengwa kwa seli, navyo ni vijumba vidogo visivyoonekana ila kwa hadubini. Mwili wa mtu mzima wakadiriwa kuwa na seli zaidi ya trilioni 30, na zote hizo zilitoka katika seli moja, yaani yai lililorutubishwa tumboni mwa mama. Moja hugawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, nne kuwa nane. Lakini nani huiambia seli, Sasa gawanyika, na sasa ngoja? Hilo ndilo swali.

Kwa nini wataalamu walimwendea mnyama wa miiba? Ni kwa sababu tumboni mwa mama hapaonekani kitu. Mnyama huyu humwaga mayai yake majini, mamilioni kwa jike mmoja, na dume naye humwaga mbegu zake, wala hakuna siri baina yao. Mtu aweza kuyatia mayai hayo katika bilauri ya maji ya bahari, akaongeza mbegu, kisha akatazama. Na la ajabu ni hili, kwamba yakirutubishwa kwa wakati mmoja hugawanyika kwa pamoja, kama darasa lisimamavyo mwalimu aingiapo.

Oscar Hertwig, Mjerumani, alichunguza mayai hayo kando ya bahari ya Mediteranea mwaka 1875, akaona kiini cha mbegu kikiungana na kiini cha yai. Kabla ya hapo watu walibishana bure. Mwaka 1891 mwenzake Hans Driesch alizitenga seli mbili za kwanza kwa kuzitikisa, naye alitazamia kupata nusu mbili za mnyama. Lakini kila moja ikakua ikawa mnyama mzima, mdogo tu. Tena alikuwako Theodor Boveri. Huyu aliona kwamba yai likiingiwa na mbegu mbili badala ya moja, hugawanyika ovyo, na seli zake hupata mafungu yasiyo sawa ya nyuzi za urithi zilizo kiinini. Mwaka 1914 alitoa kitabu, akasema kuwa labda saratani nayo huanza hivyo, kwa seli moja iliyogawanyika vibaya. Wengi hawakumjali. Akafa mwaka uliofuata, asijue ya kuwa alikuwa karibu sana na kweli.

Hata kwetu elimu hii ilipita mlangoni. Franz Stuhlmann, mzaliwa wa Hamburg, aliandika mwaka 1886 juu ya kukomaa kwa mayai ya wadudu na buibui, na mwaka 1888 akaja Unguja kuchunguza wanyama wa pwani hii. Lakini mwaka 1890 alifuatana na Emin Pasha kwenda bara, na baadaye akawa mtu wa serikali ya Wajerumani, akishughulika na ramani na mashamba. Mayai yetu yakabaki miambani bila mtazamaji.

Ndipo tunafika kwa Tim Hunt, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1943, mwalimu wa Cambridge. Wakati wa kiangazi alikuwa na desturi ya kwenda Woods Hole, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, palipo na nyumba kubwa ya elimu ya viumbe vya bahari. Mwezi wa Julai 1982 hakuwa akitafuta siri ya kugawanyika hata kidogo. Alitaka kujua jinsi yai linavyoanza kutengeneza protini likiisha kurutubishwa. Basi akayatia mayai ya mnyama wa miiba methionini yenye mnururisho, ili kila protini mpya ijitie alama yenyewe, akawa akichota sampuli baada ya kila dakika chache na kuzipanga. Protini karibu zote ziliongezeka kadiri ya muda, kama ilivyotazamiwa. Moja haikufanya hivyo. Iliongezeka, ikaongezeka, na mayai yalipokaribia kugawanyika ikatoweka ghafula. Kisha ikaanza kujaa tena, na kabla ya mgawanyiko wa pili ikatoweka tena.

Jambo hilo lilikuwa geni, kwani watu walizoea kudhani kuwa kazi ya seli ni kujenga, si kuvunja kwa saa maalumu kile ilichokijenga. Sisi tukaao Kariakoo tusishangae mno. Soko hujaa tangu alfajiri, jioni watu hutawanyika, na wafagiaji huingia. Pasipo kufagiwa, siku ya pili haina nafasi. Hunt aliita protini ile saiklini, maana yake ni kitu kiendacho kwa mzunguko, na habari yake ikachapishwa mwaka 1983. Punde ikaonekana pia katika mayai ya chaza, kisha katika vyura, na katika binadamu.

Wakati huo watu wengine wawili walikuwa wakichimba shimo lile lile kutoka upande wa pili. Leland Hartwell wa Marekani na Paul Nurse wa Uingereza walichunguza hamira, ile ya kuumulia mikate, na jamaa zake. Nurse alipata jeni iongozayo mgawanyiko, na mwaka 1987 akaonyesha kuwa binadamu anayo iliyo sawa nayo. Hatimaye ikajulikana kuwa protini ya jeni hiyo haifanyi kazi peke yake: sharti ishikwe na saiklini, ndipo seli igawanyike, na saiklini isipovunjwa, seli haiwezi kumaliza kazi yake. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Sasa tuangalie faida. Saratani ni seli zisizosikia amri ya kungoja. Huko Kampala, Denis Burkitt, daktari mpasuaji, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa maili kama 10,000 kuutafuta ugonjwa huo, hata Tanganyika. Watoto wengine waliponywa kwa dawa, mojawapo ikiwa vinkristini, itokayo katika ua dogo la Madagaska liotalo pia katika nyua zetu, nayo huzuia seli katikati ya kugawanyika. Dawa hiyo huua seli mbaya, na njema zinazogawanyika upesi huumizwa pia.

Dawa zilizotokana na elimu ya saiklini huchagua zaidi. Palbosiklibu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya matiti, huzuia protini za jamaa ya ile, nazo pia hushikwa na saiklini. Hapa Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ikawa taasisi ya saratani mwaka 1996. Wagonjwa hufika hapo kutoka mikoa yote, na wengi huchelewa, uvimbe ukiisha kuwa mkubwa. Wala dawa hizo mpya, kwa bei yake, hazijawa za mtu wa kijijini.