Kikosi cha 617 (Jeshi la Anga la Uingereza)

Kikosi cha 617 ni kikosi cha ndege za kivita cha Jeshi la Anga la Uingereza, kilichoundwa Machi 1943 huko Scampton chini ya Guy Gibson. Usiku wa Mei 16–17, 1943, ndege zake 19 aina ya Lancaster zilitumwa kushambulia mabwawa ya Ujerumani kwa mabomu ya kudunda juu ya maji, yaliyobuniwa na Barnes Wallis. Mabwawa ya Möhne na Eder yalibomoka. Ndege 8 hazikurudi. Wanajeshi wa anga 53 walikufa. Mafuriko yaliua watu wapatao 1,600, wengi wao wafungwa na vibarua wa kulazimishwa kutoka nchi nyingine.

Novemba 1944, kikishirikiana na Kikosi cha 9, kilizamisha manowari ya Ujerumani, Tirpitz, nchini Norwe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilitumia ndege za Vulcan, kisha Tornado. Tangu 2018 kinarusha F-35B kutoka Marham.