Daftari na Kompyuta

Ewe msomaji kijana, yamkini umepata kusikia shuleni kwako maneno kama haya: somo la kompyuta ni la werevu, na somo la biashara ni la wale walioshindwa na fizikia. Maneno haya huvuma hasa wakati wa kuchagua masomo, na nimewaona wanafunzi wakiyafuata hata wakajuta. Sitayajibu kwa ubishi. Nitayajibu kwa historia, kwa kuwa historia yaonyesha kwamba masomo haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba mkubwa wao ni biashara.

Tuanze mbali kidogo, huko Afrika ya Kaskazini. Katika mji wa Bugia, ambao leo umo katika nchi ya Algeria, alikuwako ofisa mmoja wa forodha aliyewatumikia wafanyabiashara wa Pisa, mji wa Italia. Alimwita mwanawe, Leonardo, aje ajifunze hesabu. Kijana akakuta watu wakihesabu kwa tarakimu tulizo nazo sasa, ambazo Waarabu walizipokea kutoka kwa Wahindi. Naye alipokuwa mtu mzima akaandika kitabu juu yake mwaka wa 1202. Kabla ya hapo wafanyabiashara wa kwao waliandika kwa tarakimu za Kirumi. Jaribu wewe mwenyewe kuzidisha XLVIII kwa XXIX, kisha uniambie kama utamaliza kabla ya kengele kulia!

Elimu hiyo ilienea upesi mahali palipokuwa na biashara. Kiasi cha mwaka wa 1338, mwandishi wa historia wa Florence, Giovanni Villani, alisema kwamba mji wake ulikuwa na shule sita za hesabu, zenye wavulana kati ya 1,000 na 1,200. Hao walikuwa vijana wa umri wako au pungufu. Walifundishwa kubadili fedha, kugawa faida baina ya washirika, na kupima bidhaa. Wasichana hawakuhesabiwa miongoni mwao, na dhuluma hiyo ilidumu karne nyingi.

Mwaka wa 1494 mtawa mmoja aliyeitwa Luca Pacioli alipiga chapa kitabu kikubwa cha hesabu mjini Venice. Ndani yake mlikuwa na sehemu iliyoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyotunza daftari zao. Pacioli hakuvumbua mtindo huo, wala hakudai hivyo. Alipokuwa kijana aliwafundisha watoto wa mfanyabiashara mmoja wa Venice, na bila shaka naye alijifunza mengi katika nyumba ile. Alifanya jambo jingine lenye uzito: siri ya maduka machache aliiandika katika lugha ya watu, ikawa somo la yeyote ajuaye kusoma.

Mtindo wenyewe ni huu. Mfanyabiashara awe na vitabu vitatu. Katika cha kwanza huandika kila jambo kama lilivyotokea, papo hapo. Katika cha pili hulipanga kwa utaratibu. Katika cha tatu kila jambo huandikwa mara mbili. Tuseme mwenye duka amenunua gunia la sukari kwa shilingi 7,000. Upande mmoja ataandika kwamba mali ya shilingi 7,000 imeingia. Upande wa pili ataandika kwamba fedha shilingi 7,000 zimetoka. Mwishoni pande zote mbili hazina budi kulingana. Zisipolingana, pana kosa, au pana mkono wa mtu. Hebu litazame jambo hili vizuri: hapa pana sheria isiyobadilika, pana hatua zinazofuatana, na pana njia ya kugundua kosa. Mwalimu wa kompyuta akikueleza programu ni kitu gani, hatakuambia mambo yaliyo mbali na hayo.

Usidhani kwamba pwani yetu ilikuwa imelala wakati huo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498, alikuta biashara ya Bahari ya Hindi ambayo ilikuwapo karne nyingi kabla yake. Lugha yetu yenyewe ni shahidi: hesabu, daftari, faida, hasara, rasilimali, hawala, hundi. Maneno hayo yalishuka kutoka majahazini na kuingia sokoni.

Sasa turuke hadi London. Kampuni ya J. Lyons ilikuwa na mikahawa mingi ya chai, na viwanda vya kuoka mikate na keki. Taabu yake ilikuwa hii: mauzo yake yalikuwa madogo madogo na mengi mno, hata ikahitaji jeshi zima la makarani wa kuyahesabu. Mwaka wa 1947 ilipeleka maofisa wawili Marekani kutazama kazi za ofisi. Huko walisikia habari za mashine mpya za kuhesabu, zilizokuwa zikitumiwa na wanasayansi. Waliporudi, kampuni ilikisaidia Chuo Kikuu cha Cambridge kwa fedha ili kiharakishe mashine yake, kisha ikajitengenezea ya kwake. Iliitwa LEO, kwa herufi za mwanzo za jina lake la Kiingereza, ingawa kwa Kiswahili pia jina hilo linafaa sana.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1951 LEO ilifanya kazi yake ya kwanza ya ofisi. Ilipiga hesabu ya thamani ya mikate na keki za juma zima! Baadaye ilipewa kazi ya mishahara, na mshahara wa mtu mmoja, uliomchukua karani stadi dakika 8, ilimaliza kwa sekunde moja na nusu. David Caminer, aliyeongoza utungaji wa programu zake, alikuwa mtu wa ofisi kabla ya kuwa mtu wa kompyuta. Aliijua kazi iliyotakiwa. Mashine aliijua baadaye.

Wakati LEO ikihesabu mikate, watoto wa Kenya walikuwa wametengwa katika shule za rangi mbalimbali. Tangu mwaka wa 1909, Profesa J. Nelson Fraser alipoishauri serikali ya kikoloni, Mwafrika alielekezwa zaidi kwenye mafunzo ya kazi za mikono. Seremala alitakiwa, mwenye kumiliki daftari la duka hakutakiwa sana. Uhuru ulipatikana mwaka wa 1963, na Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka wa 1967 ikafungua maduka mengi kwa raia. Lakini leseni ni karatasi tu. Ikiwa mwenye duka hajui kutofautisha mauzo na faida, hula mtaji akidhani anakula jasho lake.

Wakati huohuo, mwaka wa 1964, John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth huko Marekani waliitunga BASIC, lugha ya kompyuta iliyo nyepesi, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia. Kwetu, kompyuta zilianza kufundishiwa katika Aga Khan Academy ya Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na somo la kompyuta likaingia katika shule za sekondari miaka ya 1990. Mwaka wa 2003 biashara, uhasibu, uchumi na kazi za ofisi ziliunganishwa kuwa somo moja. Miaka minne baadaye ikaja M-Pesa. Simu inapokuambia umetuma shilingi 500, fedha zimepunguzwa kwako na kuongezwa kwa mwenzako: jambo moja, mara mbili. Pacioli angelitambua mara moja.

Mimi nilisoma katika shule iliyokuwa na kompyuta kumi zilizofunikwa vitambaa. Tulivua viatu kabla ya kuingia, kama watu waingiao msikitini, na mara nyingi ufunguo haukuonekana. Kibodi tuliichora daftarini. Hata leo najua mahali pa kila herufi kwa sababu ya mchoro ule, lakini hapana aliyetuambia mashine zile zilikuwa za kufanyia nini.

Sasa ni zamu yangu kufundisha. Mwaka jana kundi moja la wanafunzi wangu lilichagua kutengeneza programu ya duka la shule kwa ajili ya mtihani wao. Walikimbilia mashine siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wamekwama, kwa kuwa programu yao haikujua tofauti ya mkate ulionunuliwa na mkate uliokopwa. Niliwapeleka kwa mama mwenye duka. Aliwatolea daftari lililochakaa, lenye mistari miwili ya wino mwekundu katikati ya kila ukurasa. "Upande huu ni vilivyotoka," akasema, "na upande huu ni nilivyolipwa. Kaeni chini, wanangu, niwaonyeshe." Wakaketi juu ya makreti ya soda, wakatoa kalamu.